Siku Mwalimu Alipomteka Widad

Ngomeni nzima hakuna biharusi anayetolewa nje bila Ummulkheir kuitwa. Yeye ni mpiga hina, na hina yake ni nzuri, lakini watu hawamwiti kwa hina. Wanamwita kwa ulimi. Akishachora maua mpaka kwenye viwiko vya biharusi, hujifuta mikono, hushika pembe na kijiti cha vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, na hutunga papo hapo beti za kumsifu bwana, kumchamba mama mkwe na kuwaumbua mashoga waliokula pilau bila kuleta zawadi. Mwanamke wa mwisho aliyejaribu kumjibu alihamia Garsen. Mwenyewe anasema alihamia kwa ajili ya biashara, lakini watu wanajua wanalolijua.

Alizaliwa Amu, kisiwani Lamu, akaletwa Ngomeni na ndoa. Mumewe, Uweis, ni fundi wa mashine za boti, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni salamu. Ndoa imedumu kwa sababu hiyo hiyo: mmoja anasema, mwingine anakaza nati. Mungu akawajaalia mtoto mmoja, Widad, aliyechukua sura ya baba na maneno ya mama. Nyumbani humo huzungumzwa Kiswahili cha Amu, kile cha mababu: macho ni mato, maji ni mai, njia ni ndia, jino ni ino. Kuja ni kuya, na anayeitwa huambiwa ndoo. Kucheka ni kuteka. Widad alianza kusema akiwa na mwaka mmoja, na hakunyamaza tena mpaka alipofika gredi ya tano. Habari hii ni ya jinsi alivyonyamaza.

Mwisho wa muhula wa kwanza alileta karatasi ya ripoti. Hisabati, anafikia matarajio. Sayansi, anafikia matarajio. Kiswahili, mbali na matarajio.

Ummulkheir aliisoma mara tatu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo, akaigeuza tena.

"Mbali wapi?" alimwuliza mumewe. "Mwanangu yu mbali wapi? Kiswahili kimehama?"

"Uliza skuli," alisema Uweis, akarudi kwenye mashine yake. Yalikuwa maneno yake ya siku.

Kuna jambo moja ambalo Ummulkheir hakuwahi kulitungia ubeti, na ni Uweis peke yake anayelijua. Yeye mwenyewe alitoka skuli darasa la sita. Watu wakimwuliza husema mambo ya nyumbani, na huko si kusema uongo, ni kufupisha. Siku moja alisimama kusoma Kiingereza, akatamka neno moja visivyo, na darasa zima likamcheka. Kesho yake akasema tumbo linamwuma. Keshokutwa likamwuma tena. Lilimwuma mpaka muhula ukaisha, na hakuna mtu aliyekuja kubisha hodi kumwambia rudi. Kwa hiyo siku alipomvalisha Widad sare kwa mara ya kwanza aliapa kwamba mtoto huyu hatatoka skuli mpaka skuli yenyewe imchoke.

Akaliomba daftari la Kiswahili. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita humo bila huruma. Mato, kosa. Mai, kosa. Zitabu, kosa, andika vitabu. Hata "yana" haikusalimika, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika: "Jana! Zingatia lugha sanifu." Ummulkheir alihisi kama mtu anayesahihishwa jina la mama yake.

Usiku haujaingia akawa ameshafika kwenye grupu ya wazazi ya WhatsApp, ambako watu huulizana kwa adabu kuhusu sare na tarehe za kufungua, akaachia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Wazazi kumi na wanane waliusikiliza, kumi na saba wakanyamaza. Aliyejibu ni Kahaso, mama wa Kigiriama anayeuza nazi karibu na lango la shule, na ambaye mwanawe anakaa dawati moja na Widad.

"Pole shoga yangu," alisema Kahaso. "Wangu aliandika muhoho, akakatwa, akaambiwa ni mtoto. Sasa nyumbani nimwiteje, naye ni muhoho?"

Shule zilipofunguliwa Ummulkheir alivaa buibui lake la kutokea, akajifukiza udi kidogo, akaenda.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa Njoroge, kijana mrefu wa kutoka Nyeri, mwaka wake wa pili pale pwani. Alikipenda Kiswahili kwa dhati, lakini alikipenda kama mtu anavyompenda mke aliyeposewa na wazee: kwa heshima nyingi na bila utani. Alimpokea mgeni mlangoni mwa darasa, watoto arobaini na wanane nyuma yake wakiwa wameacha kuandika ili wasikilize vizuri.

"Karibu, mzazi. Nashukuru kwamba umetenga wasaa kuja kujadili maendeleo ya mwanafunzi."

"Ahsante. Nimekuja kuuliza, mwalimu. Mato yana kosa gani?"

"Mato ni lahaja, mzazi. Sina nia ya kuibeza lahaja. Lakini mtihani wa kitaifa una lugha yake. Ukimzoesha Widad kusikiliza taarifa kwenye runinga, atabadilika."

"Kwenye nini?"

"Runinga."

"Ni samaki?"

Nyuma ya mwalimu vicheko vilianza kububujika. Njoroge akasema kwa upole, "Runinga ni televisheni, mzazi."

"Basi si useme tivii, mwanangu. Ulinitisha!"

Hapo angeweza kuaga akaenda zake, na habari hii isingekuwapo. Lakini Ummulkheir akishasikia watu wakicheka hawezi kuondoka, kama vile mpishi hawezi kuondoka wageni wakiwa bado wanaomba wali. Akainua mkono, akagonga mlango wa darasa kwa mapigo ya vugo, akaimba:

"Ewe mwalimu wa wino,
usitie mato kovu.
Mato yaliota ino
kitabu kingali povu."

Darasa lililipuka. Watoto walipiga madawati, wengine wakasimama juu ya viti. Njoroge, badala ya kukasirika, alitoa kalamu akamwomba aurudie ule mstari wa mwisho ili auandike nyuma ya kitabu chake. Ummulkheir akaona hiyo ndiyo bendera nyeupe. Akaurudia, akaaga, akatoka kwa ule mwendo wake wa harusini. Hakumtazama Widad, aliyekuwa dawati la tatu, uso ameufunika kwa daftari.

Wiki hiyo Widad alirudi nyumbani kimya. Mama akadhani ni homa, akamchemshia tangawizi. Siku ya pili kimya. Siku ya nne, asubuhi, mtoto alikaa kitandani na sare mkononi, akasema:

"Mama, yeo siendi. Tumbo laniuma."

Ummulkheir alikuwa akichekecha hina. Mkono ukamsimama na chekeche hewani. Aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa. Aliogopa kwa sababu tumbo hilo alilijua, lilikuwa lake. Akamvalisha mtoto kwa nguvu, akamshika mkono mpaka langoni, akasimama hapo mpaka kengele ikalia. Akafanya hivyo kila siku. Lakini kumfikisha mtoto darasani ni jambo moja na kumfanya aseme ni jingine, na Widad aliacha kusema. Akiulizwa swali aliinama. Akiitwa jina alinyanyua mkono tu. Nyumbani alijibu kwa kichwa, kama babake, na Uweis, aliyekuwa akifurahia kimya maisha yake yote, kwa mara ya kwanza hakukipenda.

Kahaso ndiye aliyeleta habari ya kwanza. Alisema shuleni Widad anaitwa Ndoo. Kesho yake baada ya ule ubeti, watoto wakitoka mapumziko, ilikuwa zamu yake kusimamia mstari mlangoni mwa darasa, akawaita wenzake: "Ndooni! Ndooni!" Wavulana wawili wakakimbia bombani wakarudi na ndoo mbili. "Basi kikawa kicheko, mama, usiseme. Mwalimu Njoroge mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka. Ndivyo alivyonieleza wangu."

"Mwalimu alimteka mwanangu mbee ya watu?"

"Ndivyo alivyonieleza wangu," alirudia Kahaso. Alitaka kuongeza neno jingine, akamtazama shoga yake usoni, akalimeza.

Ummulkheir akakata shauri kwamba mwalimu analipiza kisasi cha ule ubeti. Alikuwa akitunga mwingine, mrefu na mkali zaidi, wenye vina vya kumtoa mtu mjini, simu ilipolia.

"Mama Widad," ilisema sauti ya Mwalimu Mkuu, Bi Priscilla. "Njoo shuleni sasa hivi. Ni jambo la mtoto na mwalimu. Nimemwita na mwenyekiti wa bodi. Tafadhali, usizungumze na mtu yeyote njiani."

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha. Alipita soko zima mdomo umefungwa, na watu waliomwona walidhani amefiwa.

Ofisini alimkuta Bi Priscilla amekaa wima nyuma ya meza, mikono juu ya daftari lililofunguliwa. Kando yake alikuwa Mzee Kamande, mwenyekiti wa bodi, askari magereza mstaafu, na kijitabu cha kuandikia. Mwalimu Njoroge aliwekwa pembeni kwenye kiti cha wanafunzi, magoti yakimfika kidevuni, tai imemlegea. Widad alikaa benchi la ukutani akiangalia viatu vyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti, mama. Jikaze."

Bi Priscilla akavuta pumzi. "Mama Widad, juzi Mwalimu Njoroge alikuwa semina Malindi, nikalichukua darasa lake mimi mwenyewe. Nikawapa insha: Siku Nisiyoisahau. Wenzake wote walirauka alfajiri na mapema, majogoo yakawawikia, wakapiga moyo konde. Wako ameandika kurasa mbili. Nilisoma mstari wa kwanza, sikuweza kuendelea." Akainama, akasoma kwa sauti ya chini. "'Siku nisiyoisahau ni siku Mwalimu Njoroge aliponiteka darasani.' Nimemwuliza mwenyewe mara tano. Hasemi neno."

Sasa, Bi Priscilla ni mtu wa Taveta, na Mzee Kamande ni mtu wa Embu, na kwa watu hao, kama kwa msomaji wa gazeti lolote Kenya hii, kuteka ni kwa wale wanaokuja na gari lisilo na namba. Ummulkheir hakulijua hilo. Alikubali kwa kichwa.

"Nayua," alisema.

"Unajua?"

"Nimeambiwa zamani. Ngomeni nzima yayua."

Mwalimu Njoroge alitoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Mzee Kamande akafungua ukurasa mpya.

"Tuanze taratibu, mama. Alimteka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Watoto walikuwa watoka mapumziko."

"Mchana kweupe! Kulikuwa na mashahidi?"

"Darasa zima. Nao pia walimteka."

Kalamu ya mzee ilisimama. "Watoto?"

"Arobaini na saba, ukimtoa yeye. Wengine wakipiga madawati."

"Na huyu mwalimu alimteka kwa muda gani?"

"Mpaka akashika mbavu."

"Mbavu za mtoto?"

"Zake mwenyewe, mzee. Na matozi yakamtoka."

Mzee Kamande aliandika polepole, akisema kila neno: "Mtuhumiwa... baadaye... alilia."

"Mwalimu Mkuu, naapa sijamgusa mtoto huyu hata kwa ukucha!" Njoroge alijaribu kusimama, kiti kikasimama naye.

"Sasa hadi umguse mtu ndipo umteke?" alifoka Ummulkheir. "Mtu huteka hata kwa mato!"

Moyoni, hata hivyo, alikuwa amejaa furaha asiyoweza kuieleza. Kumbe dunia imebadilika! Serikali hii inayolaumiwa kila siku kumbe imefika mahali ambapo mwalimu akimcheka mtoto bodi inakutana! Angekuwa na bodi kama hii kule Amu, miaka ile, leo angekuwa daktari. Lakini Mzee Kamande alipofunga kijitabu na kusema kwamba kwa ushahidi huu hakuna budi taarifa iende polisi, Ummulkheir aliona sasa haki imezidi kipimo.

"Polisi ya nini tena, mzee? Aombe radhi, yaishe. Hata mimi nimewateka wengi."

Mzee Kamande akakifungua tena kijitabu.

"Harusini," alifafanua. "Wengine niliwateka mpaka wakahama."

Bi Priscilla alishika ukingo wa meza. Mzee Kamande, ambaye miaka thelathini ya magereza haikumwonyesha mhalifu aliyekiri kwa raha namna hii, alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Ni Njoroge aliyepata kuinua kichwa. Alikuwa akitazama dari, midomo ikimcheza, kama mwanafunzi anayekumbuka jedwali la kuzidisha. Kisha akanyoosha mkono juu.

"Mwalimu Mkuu. Matozi ni machozi. Nilimkata Widad hilo neno mwezi wa pili. Mato ni macho. Kwa hivyo pale wao wanapoweka te, sisi tunaweka che. Kwa hivyo kuteka..."

"Ni kuteka!" alisema Ummulkheir. "Mulidhani ni nni? Mtu akiona jambo la kuteka, si huteka? Ha ha ha! Hivyo!"

"Kucheka," alisema Bi Priscilla.

"Ndiyo hiko."

"Si kuteka kwa kutekwa."

"Auzubillahi! Wala si kwa kuteka mai. Ya mai ulimi huwa nyuma, hii ulimi wagusa meno. Sikizani: teka. Teka. Hamusikii?"

Hawakusikia. Mzee Kamande alijaribu, ulimi meno, ulimi nyuma, teka, teka, meno yake ya bandia yakapiga kelele, na hapo Bi Priscilla akashindwa. Aliweka kichwa mezani akacheka. Mzee akacheka akifuta kijitabu chake mstari kwa mstari. Njoroge alicheka kwa ahueni ya mtu aliyefunguliwa pingu, mpaka kweli mbavu akazishika na matozi yakamtoka. Ummulkheir akacheka kuwazidi wote, maana kicheko ni kazi yake.

Watu wazima wanne, na mtoto mmoja kwenye benchi akiangalia viatu vyake. Njoroge ndiye aliyemwona wa kwanza, akanyamaza ghafla.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "umesema ni kurasa mbili."

Bi Priscilla akajifuta macho, akafunua. Akakunja uso kwenye maandishi, akataka kumpa Njoroge, lakini Ummulkheir alikwisha kunyoosha mkono.

"Nipe mimi. Hiko ni Kiswahili changu, nyinyi mutakivunja."

Akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kusoma kwa sauti yake ya harusini:

"'Mwalimu aliniteka, kisha akanambia pole. Sikulia. Lakini iko siku nyingine siisahau zaidi. Ni siku mama aliya skuli. Aligonga mlango akaimba. Watoto wote wakateka. Mama alidhani wamteka mwalimu.'" Sauti ikaanza kupungua. "'Walikuwa waniteka mimi. Mama hakunangalia. Tangu siku hiyo kila nikifungua kanwa wangoya kuteka.'"

Mstari wa mwisho waliusikia waliokuwa karibu tu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Ummulkheir alikuwa ndani, maji yanamfika shingoni, na kamba hana. Alimtazama mwanawe. Alitafuta neno. Mwanamke aliyekuwa na ubeti kwa kila biharusi, kila mama mkwe na kila sahani ya pilau alilitafuta neno moja tu la kumwambia mtoto wa miaka kumi, na ulimi, ambao siku zote husemwa hauna mfupa, siku hiyo ulipata mfupa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mwishowe, na sauti haikuwa ya harusini.

"Nami pia, Widad," alisema Njoroge. Akachuchumaa mbele ya benchi. "Wewe unataka tufanye nini? Sema unavyosema nyumbani. Hakuna atakayekata."

Bombani nje maji yalikuwa yakidondoka. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, Widad alisema neno shuleni.

"Nataka mama asiye."

Njoroge alingoja. Alikuwa mwalimu, na mwalimu ni mwalimu hata akiwa amechuchumaa. "Asiye na nini, Widad?" alimwuliza kwa upole. "Asiye mkali? Asiye na haraka? Maliza sentensi."

"Amemaliza, mwalimu," alisema Ummulkheir. "Asema nisije."

Iliuma. Kina mama wote waliochambwa Ngomeni na Mambrui kwa miaka kumi na mitano wangemwona pale, wangesema deni limelipwa. Lakini alikumbuka lile tumbo lake la darasa la sita, na akajua kwamba kati ya kuumwa yeye na kuumwa mtoto hakuna la kuchagua.

"Basi siyi," alimwambia Widad. "Siyi mpaka uniite."

Akawapa watu mkono, akatoka bila ubeti.

Jioni Uweis alimkuta amekaa ukumbini, bakuli la hina mbele yake limekauka. Akamwuliza kuna nini.

"Nimetolewa skuli mara ya pili," alisema Ummulkheir, akamhadithia.

Uweis aliweka spana chini. Akafikiri. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu siku ya nikahi: "Amesema usiye. Hakusema usingoye."

Basi akangoja. Alitoka kwenye grupu ya wazazi, na grupu ikapata amani ya ajabu. Asubuhi alimsindikiza Widad mpaka kwa Kahaso na nazi zake, hatua thelathini kabla ya lango, hapo akasimama. Wiki moja, mbili, tano. Kahaso alimletea habari: jana amejibu swali la hisabati, leo ameulizwa kuhusu lahaja, akamsahihisha mwalimu, na mwalimu akaandika. Jina la Ndoo bado lipo, lakini linachakaa.

Siku ya kufunga muhula shule iliwaalika wazazi kuja kuona kazi za watoto. Turubai lilifungwa uwanjani, viti vikaazimwa msikitini na kanisani, na kila mwanafunzi akatakiwa kumchukua mzazi wake kwa mkono mpaka kwenye meza yenye kazi yake. Ummulkheir alivaa buibui la kutokea, akajifukiza udi, akaenda mpaka kwa nazi za Kahaso. Kahaso mwenyewe alikwisha kuingia. Akabaki peke yake nje ya seng'enge, akitazama watoto wakivuta wazazi huku na huku, na mara mbili akajiambia heri arudi, na mara mbili miguu ikakataa.

Widad alitokea katikati ya uwanja. Alisimama mikono nyuma, akatazama wazazi wa wenzake, kisha akatazama nje ya seng'enge. Wakaonana. Mtoto yule wakati huo alikuwa anakijua vizuri Kiswahili cha vitabu. "Njoo" alikwisha kuiandika mara mia na kupigiwa alama ya ndiyo mara mia. Angeweza kuitumia. Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Mamaaa!" alipiga ukelele, shule nzima ikageuka. "Ndoo!"

Gredi ya tano ikashika pumzi. Chini ya turubai Mwalimu Njoroge aliwatolea wanafunzi wake macho, na hakuna aliyethubutu kusogea. Lakini hakuna aliyekumbuka kuwaonya gredi ya kwanza. Mtoto mmoja wa kike, mdogo, mwenye adabu ya kwao, aliposikia mkubwa anaagiza ndoo, alikimbia bombani, akaikokota ndoo ya bluu kupita uwanja mzima, akatoka nayo langoni, akamkabidhi Ummulkheir kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu," alisema Ummulkheir, maana angesema nini.

Akaingia nayo. Akavuka uwanja, mama mzima na buibui lake la kutokea na ndoo tupu mkononi, na hakuna jicho lisilomtazama. Widad aliitazama ndoo. Akamtazama mama. Mdomo ukamcheza upande mmoja, kisha upande wa pili, na kabla mtu yeyote pale uwanjani hajathubutu, Widad akateka. Aliteka mpaka akainama, na hapo ndipo wenzake wakateka naye, na safari hii ilikuwa naye.

Viti vilikuwa vimekwisha. Ummulkheir aliipindua ndoo karibu na meza ya mwanawe, akaikalia. Bi Priscilla, kwa wema wake, akamletea kipaza sauti awasalimu wazazi. Aliushika mkono wa Widad, akakitazama kile kipaza sauti kwa muda, akampa Kahaso aliyekuwa kando yake.